Kuchagua Oili ya Gari, na Khabari ya Lori Letu

Katika mkutano uliopita wengi wenu mlisimama kuuliza ilikuwaje lori la jumuiya, lililonunuliwa kwa michango ya misimu miwili, likafa injini huko Dar es Salaam kabla hata halijavuka bahari kuja Pemba kubeba karafuu. Siku ile ofisi haikuwa na jibu la kutosha, na hilo dogo tulilokuwa nalo halikuwa sahihi. Tuliwaambia kuwa dereva alitia oili ya bandia. Kamati ikaona ni haki azuiliwe mshahara wake wa mwezi mmoja, nasi tukaandika barua.

Tangu hapo tumekwenda wenyewe, tumekaa Dar es Salaam siku nne, tumezunguka Temeke na Kinondoni, tumeingia katika maduka ya oili na gereji, na tumeyaona mambo kwa macho yetu. Twapenda kuwaeleza yote tuliyoyaona, kwani khabari hii si ya lori peke yake. Siku hizi aghlabu kila nyumba ya mwanachama ina chombo cha moto: huyu ana kirikuu ya kubebea karafuu na makonyo, yule ana pikipiki, na mwingine ana kijana wake Mbagala au Tegeta anayetafuta riziki kwa bodaboda au bajaji iliyonunuliwa kwa fedha ya karafuu. Chombo kikifa huko, msiba hufika huku.

Lori letu ni la Kijapani, la dizeli, lenye turbo, limetengenezwa mwaka 2004. Lilinunuliwa wakati msimu umekwisha, ikaonekana yafaa lifanye kazi Dar es Salaam kwa miezi saba, kubeba saruji na mbao baina ya Temeke na Mbagala, lirejeshe sehemu ya gharama. Dereva alimwaga oili mara nne katika miezi hiyo, kila kilomita 5,000, na daftari lake lashuhudia. Asubuhi moja katika Barabara ya Kilwa, karibu na Mbagala Rangi Tatu, taa nyekundu ya oili ikawaka. Akazima injini papo hapo, lakini ilikuwa imekwisha kunoki. Fundi alipoifungua alikuta matope meusi yaliyogandamana kama lami, chujio la pampu ya oili limezibwa, na beringi za kranki zimelika hata shaba yake inaonekana. Alisema vilevile, nasi hatuna budi kulisema, kuwa lori lilikuja na uchafu wake wa zamani kwa kuwa lilitumika Japani kabla yetu. Lakini oili iliyotiwa hapa haikuusafisha uchafu ule, bali iliuongeza.

Basi tukaenda Tandika, katika duka aliponunua dereva. Hatulitaji duka hilo, maana hatukuona kosa lao. Lilikuwapo pipa la lita 200 pembeni, lina pampu ya mkono juu yake, na watu wanapimiwa kwa lita. Mwenye duka hakuficha kitu. Alilifuta vumbi pipa lake akatuonyesha kifuniko, na juu yake yalipigwa chapa maneno haya: SAE 40, API SC/CC.

Wanachama wetu, pipa lile halikuwa la bandia. Lilisema kweli tupu, illa hapakuwa na mtu aliyelisoma. Sisi tuliosoma chuoni twajua kuwa mtoto aweza kuikariri sura nzima kwa sauti nzuri, na ukimwekea msahafu mbele yake ukamwambia aonyeshe neno kwa kidole, asijue lilipo. Ndivyo tulivyokuwa sote na namba 40. Na baya zaidi ni hili: tulipofungua faili tuliikuta karatasi tuliyompa dereva siku ya kwanza, kwa mwandiko wa ofisi hii, imeandikwa, "Oili namba 40, lita 8, tafuta ya bei nafuu." Dereva alitii.

Oili yoyote yaulizwa maswali mawili, na kila swali lina jibu lake juu ya kopo. La kwanza ni uzito wake, yaani yatiririka vipi. Hilo hujibiwa na namba. La pili ni kazi yake, yaani imetiwa dawa gani na yafaa injini ya namna gani. Hilo hujibiwa na herufi. Mafundi wetu wengi, wa Pemba na wa Dar es Salaam, huuliza la kwanza tu.

Namba hizo ziliwekwa na jumuiya ya wahandisi wa magari ya Marekani, ndiyo hiyo SAE, mara ya kwanza katika mwaka 1911, na zimerekebishwa mara nyingi tangu hapo. Oili huchemshwa hata nyuzi 100 za sentigredi, ambao ni karibu ya joto la oili katika injini inayofanya kazi, kisha hupimwa yachukua muda gani kupita katika mrija mwembamba. Kipimo chake huitwa sentistoki. Ikipata 9.3 na isifike 12.5, hiyo ni namba 30. Kutoka 12.5 mpaka chini ya 16.3 ni namba 40. Kutoka 16.3 mpaka chini ya 21.9 ni namba 50. Hakuna zaidi ya hayo. Namba 50 si bora kuliko namba 30, kama kamba nene isivyokuwa bora kuliko nyembamba mpaka ujue wafunga nini.

Mkiona namba mbili, kama 15W-40, ile ya mbele yenye W ni ya baridi, na W yenyewe ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Oili ya 15W hupimwa injini kuzungushwa katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na kuvutwa na pampu katika nyuzi 25 chini ya sifuri. Baridi hiyo haijapata kufika Temeke wala Wete, wala haitarajiwi. Hata hivyo namba ya mbele si bure kwetu, maana alfajiri injini ikiwa imelala usiku kucha oili ndani yake ni nzito kuliko itakavyokuwa baadaye, na ile yenye W ndogo huwahi kufika juu, penye valvu na katika turbo. Kusagana kwingi kwa injini hutokea katika dakika hizo za mwanzo.

Hapa twataka kusimama kidogo, kwani tulilisikia neno moja katika kila gereji tuliyoingia, kuanzia Keko mpaka Mwenge: "Joto la Dar es Salaam lataka oili nzito." Lina sehemu ya ukweli. Gari iliyozeeka, inayokula oili na kutoa moshi wa buluu, yaweza kupumzika kwa oili nzito kidogo, na vitabu vingi vya magari huweka jedwali la joto la nje, na katika nchi ya joto huruhusu namba ya juu zaidi. Lakini injini haijui sana joto la nje. Ina kifaa chake, thamostati, kinacholinda maji yake yasipoe wala yasizidi, na injini iliyo nzima hufanya kazi karibu ya joto lile lile, iwe Dar es Salaam au Tokyo. (Tuliambiwa na fundi mmoja wa Temeke kuwa yeye huitoa thamostati katika kila gari inayomfikia, "ipoe." Kisha huweka oili nzito kwa sababu ya joto. Hatukubishana naye, tulikuwa wageni.) Gari ndogo za siku hizi, kama hizi Vitz na IST zilizojaa Kinondoni, zimetengenezwa kwa oili nyepesi, 5W-30 au 0W-20. Njia za oili ndani yake ni nyembamba, na baadhi ya vyuma vinavyozungusha valvu husukumwa na oili yenyewe. Ukizitilia namba 50 waziadhibu, nayo petroli huliwa zaidi.

Sasa herufi. Hizi ni za API, chama cha mafuta cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1919. Utaratibu huu wa herufi mbilimbili ulianza katika miaka ya 1970. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili imekusudiwa injini ya petroli; ikiwa C, imekusudiwa injini ya dizeli. Herufi ya pili hueleza daraja, nayo hupanda kwa kufuata alfabeti. SA ni ya zamani kabisa, mafuta matupu yasiyotiwa dawa, na API yenyewe yasema haifai injini za petroli zilizotengenezwa baada ya 1930. SC haifai injini nyingi za baada ya 1967. SF haifai nyingi za baada ya 1988. Daraja la SN lilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020, na SQ mwaka 2025. Kwa petroli, ya mbele yaweza kutumika mahali pa iliyotangulia: kitabu chako kikisema SL ukapata SN au SP, chukua. Kurudi nyuma ndiko kubaya.

Kwa dizeli, CC haifai injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1990. Tazameni basi: pipa la Tandika lilisema SC/CC, na lori letu ni la 2004. Tuliitilia injini ile oili iliyokusudiwa magari ya wazee wetu.

Na kwa nini daraja likawa kitu kikubwa hivyo, ikiwa oili zote zateleza mkononi namna moja? Kwa sababu ndani ya kopo hamna mafuta peke yake. Mna dawa mfano wa sabuni, inayozuia uchafu usigande juu ya pistoni na ringi. Mna dawa inayoyashika masizi yaelee mojamoja ndani ya oili mpaka yamwagwe pamoja nayo, yasikutane yakafanya matope. Mna dawa ya kuua asidi inayozaliwa dizeli inapoungua, na nyingine ya kukinga chuma kisisage chuma. Injini ya dizeli hutengeneza masizi mengi, na yenye turbo huongeza taabu, maana mhimili wa turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, umelala juu ya utando mwembamba wa oili, na upande wake mmoja waunguzwa na moshi wa ekzosti. Oili ya daraja la CC ina dawa chache. Masizi yakaizidi nguvu, yakashikamana, yakashuka katika sampo, yakaziba chujio la pampu. Namba yake ilikuwa 40 tangu mwanzo mpaka mwisho, na namba haikuliua lori letu.

Kitabu cha lori, ambacho kilikuwamo ndani ya kisanduku chake siku zote hizo, ni cha Kijapani kitupu, na ndiyo maana hapana aliyekifungua. Nasi tulikuwa na fikira hiyo hiyo. Lakini tulipokifungua tuliona kuwa katikati ya Kijapani chote yale tuliyoyataka yameandikwa kwa herufi za Kizungu: 15W-40, API CF-4, JASO DH-1. Yatafuteni na ninyi katika vitabu vyenu; hayahitaji mkalimani. Asiye na kitabu atazame kifuniko cha kutilia oili juu ya injini, kwani gari nyingi zimepigwa chapa ya uzito hapo, ingawa herufi za daraja aghlabu hazimo.

CF-4 lilikuwa daraja la mwaka 1990, nalo limekwisha kuondolewa, hivyo mnunuzi wa leo achukue lililokuja baada yake: CH-4 la 1998 au CI-4 la 2002. Kwa dizeli tahadhari ni kubwa kidogo kuliko petroli. CK-4, iliyotoka mwishoni mwa 2016, yarithi zilizoitangulia, illa FA-4 iliyotoka pamoja nayo ni nyembamba na ya injini mpya maalumu tu, nasi hatuna injini hizo.

JASO ni herufi za Wajapani, na kwa kuwa gari zetu nyingi zatoka kwao, yapasa kuzijua. DH-1 ni ya dizeli za kawaida. DH-2 ni ya dizeli zenye chujio la masizi katika ekzosti, kama zilivyo lori nyingi za miaka ya karibuni. Oili yake huacha majivu machache ikiungua, na chujio hilo huzibwa na majivu. Mwanachama anayefikiria kununua lori jipya zaidi ya letu aulize jambo hilo kabla ya kulipa. Wazungu wa Ulaya nao wana ACEA, yenye alama kama A3/B4 na C3, na mwenye gari ya Kijerumani au Kifaransa atazikuta katika kitabu chake.

Siku ya tatu tulikuwa Tegeta, na kijana wa mwanachama wetu mmoja, dereva wa bodaboda, alituita kijiweni kwake atuonyeshe pikipiki. Ilikuwa yavuta kwa sauti lakini haiendi. Klachi yateleza, khasa akibeba abiria wawili kupanda mlima. Alikwisha badilisha sahani za klachi mara moja. Tukamwuliza atia oili gani. Akatuonyesha kopo zuri la oili ya gari ndogo, 5W-30, daraja SP, ghali kuliko zote dukani, na alilinunua kwa mapenzi ya chombo chake baada ya kusikia tajiri mmoja analisifu.

Pikipiki nyingi, na Boxer na TVS zimo, klachi yake yaogelea katika oili ile ile ya injini. Oili nyepesi za gari ndogo aghlabu hutiwa dawa ya kuongeza utelezi ili petroli isiliwe sana, na dawa hiyo hufika katika sahani za klachi ambazo kazi yake ni kushikana. Kwa hiyo Wajapani waliweka alama za pikipiki tangu mwaka 1998: JASO MA, na baadaye MA2, kwa klachi inayooga oili, na MB kwa skuta ambazo klachi yake ni kavu. Kijana yule alihitaji oili ya 20W-50 yenye MA, ambayo duka la pili kutoka kijiweni kwake lauza kwa bei chini ya ile aliyokuwa akilipa. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka, akasema fedha za sahani za klachi zingemtosha kumpeleka nyumbani Sikukuu.

Wenye mashua na mashine za kufunga nyuma, zile za kuchanganya oili na petroli, hawahusiki na haya yote. Alama yao ni TC-W3, na oili ya pikipiki haifai mahali pake.

Liko jambo la Dar es Salaam ambalo mwenye gari Pemba halijui mpaka aende. Ni foleni. Tulipanda daladala kutoka Mbagala wakati wa asubuhi, na kwa muda mrefu injini yanguruma na gari imesimama. Saa ya kilomita haisogei, lakini oili yafanya kazi, yapata joto, yala masizi. Mwenye kuhesabu kilomita 5,000 katika barabara ya Chake Chake na Konde, na mwenye kuzihesabu katika Barabara ya Kilwa, hawakuhesabu kitu kimoja. Vitabu vya magari huwa na ratiba mbili, moja ya kazi ya kawaida na moja ya kazi ngumu. Na kazi ngumu wanayoitaja ndiyo hiyo: mwendo wa kusimama-simama, safari fupifupi, mzigo mzito, na vumbi kama la njia za ndani za Mbagala wakati wa kiangazi. Vijana wetu wa huko wafuate ratiba ya pili, na chujio la hewa walipige vumbi mara kwa mara, kwani vumbi linalopita hapo huishia katika oili.

Twaja kwenye bandia, maana ingawa haikuwa sababu ya msiba wetu, ipo. Makopo matupu yenye majina makubwa huokotwa na kununuliwa, hujazwa oili yoyote, hata iliyomwagwa na kuchujwa, hufungwa upya. Tume ya Ushindani hukamata bidhaa za bandia Bara kwa nguvu ya sheria ya alama za bidhaa ya mwaka 1963, na Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Huku kwetu iko ZBS kwa sheria ya 2011. Tazameni alama hizo, lakini zijueni mpaka wake. Alama ya kiwango yasema bidhaa imetimiza kiwango chake. Haisemi kuwa injini yako ndiyo iliyokusudiwa.

Vivyo hivyo maandishi ya API. Yeyote aweza kupiga chapa "API SN" juu ya kopo. Alama yenye leseni ni duara lililo mfano wa andazi lenye tundu katikati: juu daraja, katikati uzito. API huweka orodha ya wenye leseni ambayo yeyote aweza kuitazama kwa simu. Wako watengenezaji waaminifu wasionunua leseni hiyo, hivyo kukosekana kwa duara si hukumu, lakini lilipo laweza kuthibitishwa.

Dukani tazameni lakiri ya kifuniko isiwe imevunjwa ikagundishwa, na namba ya mkupuo na tarehe ziwe zimepigwa katika kopo lenyewe wala zisifutike kwa kidole. Nunueni kopo zima, si kupimiwa. Ombeni risiti. Na kopo likiisha, litoboeni kwa msumari kabla ya kulitupa. Tuliona Temeke mtoto anakusanya makopo mazima kwa kiroba, na hatudhani alikuwa akiyapeleka kuchezea.

Mtauliza bei. Tofauti baina ya oili ya pipa lile na oili ya CI-4 katika kopo lenye lakiri, kwa lita nane, ilikuwa shilingi 56,000 siku tulipouliza. Mara nne ni shilingi 224,000. Kutengeneza injini kumetugharimu shilingi 3,400,000, bila ya kuhesabu wiki tano ambazo lori lilisimama juu ya magogo. Hesabu kamili imebandikwa ubaoni hapa ofisini, na kila mwanachama ana haki ya kuisoma na kuuliza.

Kamati ilikutana tuliporejea. Tuliisoma ile karatasi yetu ya "namba 40" mbele ya wote, na dereva akiwapo. Amerejeshewa mshahara wake wote pamoja na nauli, na barua tuliyomwandikia imefutwa kwa barua nyingine yenye muhuri. Amekubali kuendelea na kazi, jambo ambalo hatukulitegemea.

Kila Jumamosi asubuhi mwenye gari, pikipiki au bajaji na alete kitabu chake ofisini, hata kiwe cha Kijapani, au picha ya ukurasa wake kwa walio Dar es Salaam. Karani atamwandikia katika kadi uzito na herufi zake, aiweke ndani ya chombo. Oili chafu msiimwage shambani wala karibu ya majamvi ya kuanikia, kwani karafuu hushika harufu upesi na mnunuzi huijua. Liko pipa tupu nyuma ya ghala, limeandikwa kwa rangi nyeupe. Lori litavuka kuja Mkoani kabla ya uchumaji kuanza, Mwenyezi Mungu akijaalia, na ndani ya mlango wake wa dereva mmebandikwa karatasi: 15W-40, CH-4 au CI-4, au JASO DH-1.

Katibu